Viboko 85 wa Chama

Watu 284 wa vijiji vya wilaya ya Chama, mashariki mwa Zambia, waliulizwa kama wangekula tena nyama ya kiboko waliyemkuta amekufa mwenyewe. Hawakuulizwa kabla ya balaa. Waliulizwa baada ya kimeta, ugonjwa wa wanyama unaowapata na watu, kupita, katika vijiji vilevile vilivyotoa wagonjwa, na katika eneo lao watu 5 walikuwa wameshazikwa. Asilimia 23 walisema ndiyo, wangekula.

Nimeusoma utafiti huo mara nyingi, na kila mara nakwama hapo. Karibu mtu mmoja kati ya kila wanne. Tunapokaa kwenye semina kuzungumza namna ya kuboresha ufuatiliaji na udhibiti wa kimeta hapa kwetu Tanzania, mazungumzo huanzia kwenye fomu, simu za kutuma taarifa, vifaa vya maabara na idadi ya dozi za chanjo. Vyote hivyo vinahitajika. Ila kisa cha Chama kinaonyesha kwamba ugonjwa huu huamuliwa mapema zaidi, kando ya mto, na mtu mwenye kisu mkononi na watoto wanaosubiri kitoweo nyumbani. Mfumo wa taifa usipomfikia mtu huyo kabla kisu hakijagusa ngozi, kazi inayobaki ni kuhesabu wagonjwa.

Mahali penyewe

Chama iko katika bonde la mto Luangwa. Mto huo unaanzia kwenye milima ya Mafinga, pembe ya kaskazini-mashariki ya Zambia, si mbali na mpaka wa Tanzania na Malawi, kisha unateremka kusini-magharibi mpaka unaungana na Zambezi. Ni mojawapo ya mito yenye viboko wengi zaidi Afrika nzima. Kando yake kuna hifadhi za taifa, na pembezoni mwa hifadhi kuna maeneo ambayo sheria inaruhusu watu kuishi na kulima huku wanyamapori wakipita humohumo chini ya usimamizi wa serikali. Vijiji tunavyovizungumzia viko katika eneo la namna hiyo. Mtu wa huko anaamka na kuukuta mkanyago wa kiboko shambani kama wewe unavyoukuta wa mbwa wa jirani.

Kimeta hakikuwa kigeni bondeni. Mwaka 1987 ugonjwa huu uliwapiga viboko wa Luangwa kwa ukubwa wa kutisha: waliokufa walikadiriwa kuzidi 4,000. Na kimeta kikishaingia ardhini hakiondoki kwa kuwa watu wamekisahau. Bakteria wake, Bacillus anthracis, wakikutana na hewa hujifunga ndani ya gamba gumu na kuwa mbegu, ambazo wataalamu huziita spora. Mbegu hizo zinavumilia jua, ukame na mafuriko, na zinaweza kukaa udongoni kwa miongo kadhaa zikisubiri mnyama mwingine. Kwa hiyo Chama ya mwaka 2011 ilikuwa kwenye ardhi iliyokwisha kujulikana. Ramani ya hatari ingeweza kuchorwa robo karne kabla.

Viboko 85 walikufa katika mlipuko huo wa 2011. Kufikia Septemba, wagonjwa wa kibinadamu walioripotiwa walikuwa 511, na vifo 5.

Kwa nini kiboko, na kwa nini wakati huo

Septemba ni kiangazi kikali katika nchi ile. Majani yameliwa mpaka karibu na mizizi, na kiboko ni mnyama wa kulisha usiku kwa kung'oa majani mafupi kwa midomo yake mipana, hivyo anameza na vumbi na udongo. Maji nayo yanapungua, mto unakatika vipandevipande, na viboko waliokuwa wametawanyika kilomita nyingi wanabanana kwenye vidimbwi vilivyobaki. Mmoja akifia humo, wenzake wanaoga na kunywa maji hayohayo. Na kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui kuhusu mnyama huyu tunayemhesabu kuwa mla majani: ameshuhudiwa akila nyama ya mizoga, ikiwemo ya viboko wenzake. Watafiti wamelitaja hilo kuwa sababu mojawapo inayoweza kueleza kwa nini kimeta kikiwaingia viboko kinafyeka wengi kwa mara moja.

Kwetu Tanzania, kwenye mto Ruaha Mkuu, watafiti waliokuwa wamewavalisha viboko vifaa vya kufuatilia mienendo yao walijikuta mlipuko wa kimeta unatokea mbele ya macho yao. Walichokiona kinafaa kukumbukwa na kila anayepanga udhibiti. Ugonjwa haukufuata maji kuteremka. Ulipanda kuelekea juu ya mto, kama kilomita 3.5 katika siku 9, kwa sababu mto ulikuwa unakauka na viboko walikuwa wanapanda kutafuta maji yaliyobaki. Na wale walioambukizwa hawakuonyesha dalili ya kupunguza mwendo. Walitembea na ugonjwa mpaka walipoanguka. Ukiwa afisa wa wilaya umeletewa habari ya mzoga mmoja na ukatuma watu waangalie upande wa chini tu wa mto, umeangalia nusu ya kazi.

Kisu, nyama, kidole

Sasa tuusogelee mzoga wenyewe. Kiboko mzima hupita tani moja, na dume kubwa hukaribia mbili. Ngozi yake sehemu nyingine ni nene kama upana wa vidole vitatu. Huwezi kumchuna peke yako. Inahitaji wanaume kadhaa, shoka, panga na visu vinavyonolewa kila baada ya muda mfupi, na kisu cha namna hiyo kikiteleza kinamchana mwenye nacho. Mnyama aliyekufa kwa kimeta ana damu nyeusi isiyoganda vizuri, inayovuja puani, mdomoni na kwenye njia ya haja kubwa. Tumbo linajaa upesi na viungo havikakamai kama vya mizoga mingine. Ndani ya damu hiyo bakteria wamejaa. Alimradi mzoga haujafunguliwa, uozo wa ndani unawaua bakteria wengi katika siku chache. Ukipasuliwa, hewa inaingia, na palepale zinaanza kutengenezwa zile mbegu za kukaa miaka. Kila pigo la shoka linafanya kazi mbili: linamwambukiza aliyelishika, na linapanda ugonjwa wa mwaka mwingine.

Utafiti wa Chama ulikuta kwamba mambo matatu yalihusiana na kuugua: kula nyama ile, kuitayarisha, na kuibeba. Hilo la kubeba ndilo linalonikaa moyoni. Ujumbe wa afya tuliouzoea unasema "msile nyama ambayo haijakaguliwa". Lakini hata ambaye hakula, kama alibebeshwa fungu la nyama kupeleka nyumbani na damu ikamchuruzika begani, yumo hatarini. Mtoto aliyetumwa yumo.

Baada ya siku moja hadi saba hivi, kidoleni au kwenye kigasha cha mkono kinatokea kipele kinachowasha, kama umeumwa na mdudu. Kinageuka lengelenge, kinapasuka, kinabaki kidonda chenye gamba jeusi katikati, na nyama ya pembeni inavimba. Hakiumi. Hapo ndipo kinapomdanganya mtu: kidonda kisichouma nani atembee nacho kilomita 20 kwenda zahanati? Ugonjwa wa ngozi ukitibiwa mapema kwa antibayotiki za kawaida, penisilini au doksisaiklini, kufa ni nadra. Usipotibiwa, hadi watu 20 kati ya 100 wanaweza kufa. Ukiingia tumboni kwa njia ya nyama iliyoliwa, hali ni mbaya zaidi. Chama wagonjwa kwa jumla waliitikia dawa, na ndiyo maana vifo vilikuwa karibu asilimia 1 tu ya walioripotiwa. Wahudumu wa vituo vile vidogo walifanya kazi kubwa, na nalisema hili kwa heshima. Ila walifanya kazi ya mwisho katika mlolongo ambao kazi zake za mwanzo hazikufanyika.

Viboko 85 ni taarifa 85

Hebu tulitazame kwa jicho la ufuatiliaji. Kila kiboko aliyekufa alikuwa ni taarifa. Mnyama wa tani moja haanguki kimya: tai wanazunguka angani, fisi wanalia, harufu inafika kijijini. Kabla ya mtu wa kwanza kupata kipele, ishara zilikuwa zimelala ukingoni mwa mto. Je, zilikuwa na pa kwenda?

Wakati ule wanyamapori wa Zambia walikuwa chini ya mamlaka yao maalumu. Mifugo ilikuwa chini ya wizara yake, na afya ya binadamu chini ya wizara nyingine. Si Zambia peke yake; ndivyo tulivyogawana kazi karibu nchi zote za ukanda huu. Askari wa wanyamapori akikuta kiboko amekufa, swali lake la kwanza ni kama ameuawa na jangili: kuna tundu la risasi? meno yapo? Akiona meno yapo, kwake jambo limekwisha. Afisa mifugo hana ng'ombe aliyekufa, kwa hiyo hana la kuripoti. Mganga wa zahanati anaona kidonda cha kwanza, anakiandika kwenye rejista kama jipu au jeraha, anampa mgonjwa dawa. Kila mmoja ametimiza wajibu wake kwa mujibu wa fomu yake, na kimeta kimepita katikati yao watatu.

Dawa ya hili ina jina tunalolitamka sana siku hizi, Afya Moja, yaani kushughulikia afya ya watu na ya wanyama kwa pamoja, na nchi zetu zimepiga hatua. Kenya ina kitengo kinachounganisha wizara ya afya na ya mifugo kwa ajili ya magonjwa ya wanyama yanayowapata watu, na mwaka 2015 ilipoyapanga magonjwa hayo kwa uzito, kimeta kilishika nafasi ya kwanza. Tanzania mwaka 2017 ilichagua sita ya kipaumbele, kimeta kikiwemo pamoja na kichaa cha mbwa, homa ya bonde la ufa, mafua ya wanyama, malale na brusela. Na dawati la Afya Moja likawekwa Ofisi ya Waziri Mkuu ili wizara zote zilisikilize. Hayo ni mambo mazuri. Ninachouliza ni kama yamefika kwa yule askari anayetafuta tundu la risasi. Kumfundisha aangalie na damu ya puani, na kumpa namba ya simu ya daktari wa mifugo wa wilaya, ni kazi ya asubuhi moja. Dawati la taifa lisilo na namba hiyo mfukoni mwa askari linabaki kuwa dawati.

Miaka 12 baadaye

Nisingekirudia kisa cha Chama kama kingeishia Chama. Tarehe 1 Novemba 2023 Zambia ililiarifu Shirika la Afya Duniani kuwa kuna kimeta kwa binadamu wilayani Sinazongwe, Jimbo la Kusini, kando ya ziwa Kariba. Safari hii nchi ilikuwa na chombo ambacho mwaka 2011 hakikuwepo: taasisi ya taifa ya afya ya jamii, yenye kazi hasa ya kufuatilia milipuko. Ndiyo iliyotoa taarifa.

Na taarifa ilianzaje? Watu 26 walikuwa wametokwa na vidonda usoni, mikononi na vidoleni baada ya kushika au kula nyama ya viboko watatu waliokutwa wamekufa.

Viboko tena. Nyama tena. Vidole tena. Katikati pamepita miaka 12, utafiti ulioeleza wazi namna ambukizo lilivyopita, taasisi mpya, wataalamu wapya. Na bado kipimo kilichofanya kazi kwanza kilikuwa ngozi ya binadamu. Kufikia tarehe 20 Novemba wagonjwa walioshukiwa walikuwa 684, katika wilaya 44 kati ya 116 za nchi hiyo, majimbo 9 kati ya 10, na vifo 4.

Simtupii lawama mtu. Namba zenyewe zina pande mbili, na mtu mkweli azisome zote. Wilaya 44 huenda zinaonyesha nchi iliyoamka: kila zahanati imeambiwa itazame vidonda, na kila mwenye kidonda anaandikwa. Huo ni ufuatiliaji unaofanya kazi. Lakini kati ya hao 684, waliothibitishwa na maabara walikuwa 25, chini ya wanne katika kila mia. Wengine wote wamebaki "wanaoshukiwa". Kwa mgonjwa haidhuru, maana dawa anapewa. Kwa taifa inadhuru sana, kwa sababu hujui ni wilaya zipi kati ya zile 44 zina mbegu ardhini na zipi zina majipu ya kawaida tu. Na chanjo ya mwaka unaofuata utaipeleka wapi?

Mwaka huohuo nchi tano za mashariki na kusini mwa Afrika zilikuwa na kimeta kwa wakati mmoja: Kenya, Malawi, Uganda, Zambia na Zimbabwe. Shirika la Afya Duniani lilihesabu jumla ya wanaoshukiwa 1,166, waliothibitishwa 35, vifo 20. Kule Kyotera, kusini mwa Uganda, mambo yalianza kama "ugonjwa wa ajabu" unaovimbisha miguu na mikono, na watu walikufa kabla jina halijapatikana. Kote ni hadithi ileile ya binadamu kutangulia kupimwa kwa mwili wake.

Yule anayesema ndiyo

Turudi kwa wale asilimia 23. Kati ya watu 284, hao ni kama 65. Watafiti waliwauliza sababu. Asilimia 73 walitaja uhaba wa chakula, 12 wakasema hawana nyama, 7 njaa, 5 ukosefu wa protini. Majibu hayo manne yanaingia chungu kimoja. Hakuna sababu inayoongoza hapo inayosema "hatukujua".

Sisi tuliokulia kwenye dini na mila za pwani tumefundishwa tangu utoto kwamba kibudu hakiliwi. Mnyama aliyekufa mwenyewe ni nyamafu, ni haramu, hata kumgusa ni karaha. Bila shaka katazo hilo limeokoa watu wengi kwa karne nyingi. Lakini mwenye njaa hana miiko, na sheria zetu za ukaguzi wa nyama zimeandikwa kana kwamba kila kaya ina bucha jirani na pesa ya kununulia nusu kilo. Mwaka 2011 asilimia 84 ya waliohojiwa walikula nyama ya kiboko kabla ya mlipuko. Kwao haikuwa wazimu wa siku moja, ilikuwa kitoweo cha kawaida kinapopatikana. Unapokwenda na kipaza sauti kuwaambia "zikeni mzoga", unawaambia wazike tani nzima ya chakula katika miezi ambayo ghala linaanza kuonyesha sakafu.

Mfugaji wa ng'ombe yuko katika hali hiyohiyo, pengine kali zaidi, kwa sababu mzoga ni mali yake. Ng'ombe aliyeanguka alfajiri akichinjwa haraka shingoni, damu ikatoka kidogo, anaweza kuuzwa kwa nusu bei kabla ya saa nne. Akiripotiwa, bei yake ni sifuri, na zizi linawekwa karantini juu yake. Tumemwekea mtu adhabu kwa kusema ukweli, kisha tunaandika kwenye ripoti kwamba "jamii ina mwamko mdogo wa kutoa taarifa".

Msimamo wangu kuhusu hili ni mmoja, na nimeufikiria kwa muda mrefu: taifa linalotaka kukijua kimeta mapema linunue mzoga. Namaanisha hivyo hasa. Katika kanda zinazojulikana kuwa na kimeta, mwenye mfugo aliyekufa ghafla akatoa taarifa bila kumfungua alipwe sehemu ya thamani yake, na kijiji kilichoripoti kiboko au nyati kipewe chakula, maharage au dagaa au mbuzi waliokaguliwa, siku hiyohiyo na si baada ya mwezi. Watasema watu watadanganya. Atadanganyaje? Mzoga upo, damu inachukuliwa, na majibu yanapatikana. Watasema ni gharama. Pima gharama hiyo na ya kutibu watu 511, kuzunguka wilaya 44, kufunga minada ya mifugo ya jimbo zima. Na hata pale ambapo mzoga utakutwa hauna kimeta, kilichonunuliwa ni taarifa ya kweli kuhusu kifo cha mnyama, na hiyo ndiyo bidhaa ambayo ufuatiliaji wote unaitafuta.

Mambo ya kazi

Kuthibitisha kimeta hakuhitaji maabara ya kifahari kwa hatua ya kwanza. Tone la damu kutoka mshipa wa sikio la mnyama aliyekufa karibuni, lililopakwa kwenye kioo, likakaushwa na kutiwa rangi ya buluu ya methilini iliyokomaa, linaonyesha chini ya hadubini vijiti vya buluu vilivyokatika ncha, vimepangana kama mabehewa, vikizungukwa na utando wa rangi ya waridi. Njia hii ina zaidi ya miaka 100. Haimalizi ubishi wote, na mzoga ukishaoza inashindwa, lakini inampa afisa wa wilaya jibu kabla ya magharibi. Kwa mahali kama Chama hilo ni muhimu kuliko mashine ya mamilioni iliyoko mji mkuu. Mchukua damu avae glavu na aingize sindano sikioni tu. Mzoga usipasuliwe kwa ajili ya uchunguzi. Hili la mwisho nimeona likivunjwa na watu wenye shahada.

Kuuondoa mzoga ndiko kunakoshinda wengi. Njia bora ni kuuchoma mpaka uwe majivu, lakini kuchoma kiboko kunataka kuni za kijiji kizima. Kuzika kunataka shimo refu, zaidi ya mita 2, mbali na maji, na kando ya mto maji yako karibu. Pia kuna kosa tunalolirudia karibu kila mlipuko: kumwaga chokaa juu ya mzoga. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inakataza, kwa kuwa kalisi iliyomo kwenye chokaa inaweza kuzisaidia mbegu za kimeta kuishi zaidi. Chokaa inatuliza macho ya wageni rasmi kwa weupe wake, huku chini inalinda adui. Ikishindikana kuchoma na kuzika, afadhali mzoga uachwe mzima, ufunikwe na kuzungushiwa miiba ili fisi, tai na watu wasiufungue, na udongo uliolowa damu umwagiwe fomalini, dawa ya kuua vijidudu.

Chanjo ipo na ni ya zamani. Max Sterne aliitengeneza Afrika Kusini miaka ya 1930, na mpaka leo ndiyo inayotumika zaidi duniani kwa mifugo. Haiwezekani kumchanja kiboko mtoni. Inawezekana kumchanja ng'ombe na mbuzi anayekunywa maji pamoja naye, kila mwaka, kabla ya kiangazi kukaza. Tatizo letu ni kuchanja kwa mshtuko: mlipuko ukitokea tunakwenda na dozi, wenye ng'ombe wanachanja na papo hapo wanapiga na sindano ya antibayotiki "kwa usalama zaidi". Chanjo hii ni ya bakteria hai waliodhoofishwa, na antibayotiki inawaua kabla hawajaufundisha mwili. Mfugaji amelipa mara mbili na hajapata kinga. Ni kazi ya afisa ugani kulisema hilo zizini, uso kwa uso.

Na pa kuchanja panajulikana au panaweza kujulikana. Watafiti wa Kenya walichora maeneo yanayorudiwarudiwa na kimeta, wakapendekeza mpango wa kukitokomeza kwa awamu mbili unaolenga chini ya asilimia 6 ya ardhi ya nchi. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilifurahi kweli, kwa sababu linaondoa kile kisingizio cha kwamba nchi ni kubwa. Lakini ramani ya namna hiyo inalishwa na milipuko iliyothibitishwa. Kila mzoga ulioliwa kimyakimya unaacha sehemu nyeupe kwenye ramani, na sehemu nyeupe inasomeka kuwa salama. Wanaoshukiwa 684 na waliothibitishwa 25: hiyo ndiyo ramani ambayo Zambia ilibaki nayo mkononi.

Kuna jambo dogo ambalo ningependa kuona wilaya moja tu ya mpakani, ya upande wetu au wa Zambia, ikilijaribu kabla ya Septemba. Wachukue dodoso la Chama, lile swali la kama ungekula tena, wakaliulize katika vijiji vyenye historia ya kimeta sasa, hakuna mgonjwa, hakuna mzoga. Waulize na sababu. Kisha wahesabu, kwa idadi ya kaya zitakazosema ndiyo, magunia ya maharage yatakayowekwa ghala la kata, na jina la mtu mwenye ufunguo.